Mgeni Kati ya Peso na Dola: Biashara ya Hoteli za Fahari Jijini Buenos Aires

Mgeni wa hoteli ya daraja la juu, alipaye kwa usiku mmoja fedha ambazo karani wa mji huo huo angelipia kodi ya nyumba kwa mwezi mzima, hanunui kitanda, wala shuka, wala bafu la marumaru, kwa maana vitu hivyo angeweza kuvipata kwa robo ya bei hiyo mitaa mitatu tu kutoka pale. Anunuacho ni uhakika, yaani kule kujua kabla ya kuondoka kwao kwamba atalakiwa kwa taadhima, kwamba faragha yake itahifadhiwa, na kwamba hesabu atakayoletewa asubuhi ya kuaga itakuwa ndiyo ile aliyoiridhia. Biashara hii ya kuuza uhakika ni ngumu popote pale, walakini ni ngumu maradufu katika mji ambao sarafu yake yenyewe haina uhakika, na katika miji mikubwa ya Amerika ya Kusini ni michache iliyosumbuliwa na sarafu yake kama Buenos Aires, makao makuu ya Argentina, wala pengine hapana mji katika bara lile uliojaaliwa hoteli za fahari za umri mkubwa na adabu kongwe kama zake.

Fahari ya mtaa wa Recoleta, ambako nyingi za hoteli hizo zimekusanyika, ilitoka machungani. Tangu meli zenye vyumba vya barafu zilipoanza, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, kuvusha nyama ya ng'ombe hadi Uingereza bila kuoza, wenye ardhi wa nyanda za Pampas walijikuta na mali isiyo na kifani, wakajenga majumba kwa mtindo wa Kifaransa na kuyapamba kwa vitu vilivyoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Ernesto Tornquist, mtu wa benki na biashara, ndiye aliyeanzisha Plaza Hotel, iliyofunguliwa mwaka 1909 kando ya uwanja wa San Martín. Alvear Palace ikafuata mwaka 1932, wakati dunia nzima imelemewa na mdororo wa uchumi. Miaka miwili baadaye Luis Duhau, aliyekuwa waziri wa kilimo na mfugaji mkubwa, alikamilisha jumba lake katika barabara ya Alvear, na mwaka 1935, baraza la Seneti lilipokuwa likijadili kashfa ya biashara hiyo hiyo ya nyama huku waziri Duhau akiwapo, seneta mteule Enzo Bordabehere alipigwa risasi mle mle ukumbini akafa. Mgeni anayekunywa chai leo katika baraza la nyuma la jumba la Duhau, akiitazama bustani inavyoshuka kwa ngazi kuelekea mtaa wa Posadas, hasimuliwi habari hizo na mhudumu, nami simlaumu mhudumu.

Jumba hilo liligeuzwa hoteli ya Park Hyatt mwaka 2006, likaunganishwa na jengo jipya la upande wa Posadas kwa bustani juu na kwa njia iliyotundikwa picha za wachoraji chini ya ardhi, hata mgeni akalala katika jengo la karne ya 21 na kustaftahi katika jumba la wafugaji. Msomaji wa Unguja hatastaajabu, kwa kuwa jina hilo hilo lilifika Mji Mkongwe mwaka 2015 kwa mbinu hiyo hiyo: Mambo Msiige, jumba la karne ya 19, likapewa jengo jipya ubavuni, nao walinzi wa urithi wa UNESCO wakanung'unika. Hesabu iliyo nyuma ya mbinu hii ni wazi. Jumba la kale lina vyumba vichache mno kuweza kulipa gharama za hoteli, na jengo jipya peke yake halina hadithi ya kumfanya mgeni alipe zaidi. Basi moja huleta jina na la pili huleta idadi ya vitanda.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba kampuni ambayo jina lake limeandikwa mlangoni aghalabu siyo mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni tajiri mmoja au shirika fulani, na kampuni ya kimataifa ni wakala anayeendesha kwa mkataba, akikata sehemu yake katika mapato yote kabla mwenye nyumba hajajua kama amepata faida au hasara, kisha akikata tena katika faida ikiwapo. Wakala hupenda vyumba vijae. Mwenye nyumba hupenda fedha ibaki. Na zulia likichakaa, ni mwenye nyumba atakayelinunua. Katika nchi ambayo kuingiza lifti, mitambo ya kupozea hewa na hata vitasa vya milango kutoka ng'ambo kulihitaji, kwa miaka mingi, idhini ya serikali ya kupata fedha za kigeni, mgeni aliyelalamika kwamba lifti moja haifanyi kazi alikuwa akilalamikia sera ya benki kuu bila kujua.

Kabla ya kufika kwenye fedha yenyewe, inafaa kusema neno juu ya saa. Ndege nyingi zitokazo Amerika ya Kaskazini na Ulaya husafiri usiku na kutua asubuhi katika uwanja wa Ezeiza, kiasi cha kilomita thelathini nje ya jiji, na nyingi za kurudi huondoka usiku. Lakini hoteli, kwa desturi ya ulimwengu mzima, hutoa chumba saa tisa alasiri na kukidai saa sita mchana. Hivyo mgeni hufika mapokezi saa tatu asubuhi, nguo zimekunjamana, macho mekundu, ameshika mkononi uthibitisho wa chumba cha bei kubwa ambacho bado kina mtu ndani, na siku ya kuondoka huzurura ukumbini saa nane nzima na mizigo yake ikiwa kwa bawabu. Katika kila kitu ambacho wageni hukisifu au kukishutumu, hiki ndicho kinachorudi mara nyingi kuliko vyote, na hoteli zilizoerevuka zimekigeuza mtaji: bafu na makabati karibu na bwawa la kuogelea, kifungua kinywa cha hisani, chumba cha nusu siku kwa nusu ya bei. Hoteli yaweza kutumia fedha nyingi kwa maua ya ukumbini na isipate shukrani inayopatikana kwa kumpa mtu ufunguo saa nne asubuhi.

Saa ya chakula nayo ina mambo yake. Wenyeji hula chakula cha usiku saa tatu au saa nne, na mgeni ateremkaye saa kumi na mbili na nusu jioni akitaka nyama huambiwa kwa upole angoje. Pengo hilo hujazwa na chai ya alasiri, yenye mikate midogo ya umbo la mwezi mwandamo iitwayo medialuna na maziwa mazito ya sukari yaitwayo dulce de leche, na hapo hoteli hupata wateja wasiolala kwake kabisa: mabibi wa Recoleta, mawakili, na jamaa wanaosherehekea siku ya kuzaliwa. Katika miaka ambayo wageni wa nje wamepungua, meza hizo za chai hutegemewa sana.

Sasa tuje kwenye fedha. Kuanzia mwaka 1991 sheria iliifanya peso moja kuwa sawa na dola moja, na mji ukawa ghali kama miji ya Ulaya. Sheria hiyo ilipovunjika Januari 2002, peso ikaanguka hata dola moja ikakaribia peso nne katikati ya mwaka huo, na watalii wakamiminika kula na kunywa kwa bei ambayo wenyeji, waliofungiwa akiba zao benki, hawakuweza kuimudu. Mwaka 2011 serikali iliweka vizuizi vya kununua fedha za kigeni, ikaviondoa mwishoni mwa 2015, ikavirudisha Septemba 2019. Kila vizuizi vilipokuwapo palikuwa na bei mbili za dola, ya serikali na ya mtaani, na katika barabara ya Florida vijana walisimama tangu asubuhi wakiwaita wapita njia wabadilishe fedha, wakiwapeleka katika vijiofisi visivyo na kibao ambamo noti mpya ya dola mia moja ilipokewa kwa furaha, na ile ya zamani yenye picha ndogo ya kichwa ikakatwa thamani kana kwamba Benjamin Franklin amepungukiwa na heshima.

Tuchukue hesabu ya mfano ya Oktoba 2023, bei ya serikali ilipokuwa peso 350 kwa dola na ya mtaani kiasi cha 900. Chumba cha dola 400 kilitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 21, hivyo kikafika dola 484. Lakini tangu Januari 2017 mgeni asiye mkaazi wa Argentina husamehewa kodi hiyo katika malazi na kifungua kinywa akionyesha pasipoti na kulipa kwa kadi ya benki ya ng'ambo au kwa hawala kutoka nje. Mgeni mnyofu alilipa dola 400 kwa kadi akaondoka ameridhika. Mgeni aliyepita kwanza barabara ya Florida, kama hoteli yake ilikubali peso taslimu kwa bei ya serikali, alipoteza msamaha wa kodi, akadaiwa peso 169,400, naye alikuwa amezinunua mtaani kwa dola 188 hivi. Ilibidi azibebe: noti 170 za peso elfu moja, au 85 za elfu mbili, zikipita katika mashine ya kuhesabia mbele ya karani aliyevaa suti nyeusi, huku mgeni wa nyuma yake katika foleni akitambua ghafula kwamba yeye atalipa zaidi ya mara mbili kwa chumba kile kile.

Foleni hiyo ndiyo iliyoivunja bidhaa ya uhakika. Mtu huvumilia bei kubwa. Havumilii kujua kwamba jirani yake wa mlango wa pili amelipa nusu. Nayo hoteli haikuwa na kosa, ila lawama zilikuja kwake. Fauka ya hayo, chumba kiliuzwa kwa bei ya dola lakini nyama, mvinyo wa Malbec na huduma za kukandwa mwili ziliuzwa kwa peso, na serikali iliporuhusu, mwishoni mwa 2022, kadi za nje zipate kiwango kilicho karibu na kile cha mtaani, mgeni alijikuta akila kama mwana wa mfalme kwa bei ya mkahawa wa kawaida wa kwao. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo: wageni wa miaka ile walikisifu chakula kupita kiasi na kukinung'unikia chumba kupita kiasi, na wapishi wakadhani ni ustadi wao, na wasimamizi wa vyumba wakadhani ni uzembe wao, kumbe ni tofauti ya sarafu.

Desemba 2023 serikali mpya ya Javier Milei iliishusha thamani ya peso hadi 800 kwa dola, na mwaka huo ulifungwa na mfumuko wa bei wa asilimia 211.4. Mwaka 2024 bei zilipanda tena kwa asilimia 117.8 huku dola ikiachwa ipande polepole, asilimia mbili tu kwa mwezi. Hivyo kila kilichouzwa kwa peso kikawa ghali kwa mwenye dola, watalii wa nje wakapungua, na Waargentina wenyewe wakaenda kwa wingi kupumzika Brazil. Aprili 2025 vizuizi kwa watu binafsi viliondolewa na pengo la bei mbili likakaribia kufutika. Manung'uniko yamehama: chumba sasa hakisemwi sana, kinachosemwa ni bei ya kikombe cha kahawa.

Wafanyakazi wamesimama katikati ya mawimbi yote hayo. Chama chao, UTHGRA, kina nguvu, na katika miaka ya mfumuko mkubwa hujadiliana na waajiri mara kadhaa kwa mwaka, kwa sababu mshahara uliokubaliwa mwezi wa tatu huwa umeliwa ifikapo mwezi wa sita. Bahashishi ya dola moja kwa mchukuzi wa mizigo ilikuwa, katika miaka ya bei mbili, si adabu tu bali akiba, na wengi waliziweka noti hizo nyumbani badala ya benki kwa kumbukumbu ya mwaka 2001, akiba za watu zilipofungiwa benki. Siasa nayo haikuwa mbali na milango yao: vijana wa Kiperoni, yaani wafuasi wa mwanasiasa Perón, mwaka 1973 waliimba katika maandamano kwamba hoteli ya Sheraton, iliyokuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, itageuzwa hospitali ya watoto. Haikugeuzwa, mnara wake ungali pale katika mtaa wa Retiro, na wageni wangali wakilala humo.

Kwa hukumu yangu, hoteli za Buenos Aires hazina upungufu wa ustadi wala wa ukarimu. Zilichopungukiwa kwa miongo ni bei moja iliyo wazi, na hilo halikuwa katika uwezo wao. Tanzania, iliyokataza mwaka 2025 bei za ndani ya nchi kutangazwa kwa fedha za kigeni, imechagua njia yake ya kulishughulikia jambo hilo hilo, na wenye hoteli wa pwani yetu wana sababu ya kuitazama Argentina kwa makini. Ama msafiri wa Afrika Mashariki anayekwenda huko kwa ndege ya Ethiopia ipitayo São Paulo, na achukue pasipoti na kadi ya benki ya kwao hadi mapokezi, aombe kwa maandishi chumba cha asubuhi, na kabla ya kuridhia bei yoyote aulize kama kodi ya asilimia 21 imo au haimo.