Mtoto amebadilika: tatizo ni ubongo, malezi au shule?

Mtoto wa darasa la nne aliyekuwa mchangamfu anaanza kushuka masomoni. Mwalimu anasema anaduwaa darasani. Baba anasema ni uvivu, akazwe. Bibi anasema kuna jambo limempata, aombewe. Jirani anasema ubongo wake hautulii, apewe dawa. Mama hasemi kitu, lakini moyoni anajilaumu kwamba hana muda naye.

Majibu ni matano, mtoto ni mmoja. Ubishi huo wa sebuleni haujaanza jana. Wanasaikolojia nao wamegawanyika juu ya jambo hilohilo kwa zaidi ya miaka 100.

Upande mmoja unasema ukitaka kuielewa tabia ya mtu, ivunje vipande vidogo, kisha utafute kipande chenye hitilafu: kemikali ya ubongo, jeni aliyorithi au mazoea aliyojifunza. Upande wa pili unasema binadamu haeleweki kwa vipande. Mtazame kwa ukamilifu wake: mwili, mawazo, familia, shule na mazingira anamoishi.

Mzazi ana sababu ya kuujua ubishi huu, kwa kuwa ndio unaoamua mtoto wake atapimwa, atasikilizwa au atachapwa.

Kipimo kilichookoa watoto

Tuanze na upande wa vipande, maana umefanya makubwa. Mwaka 1934 nchini Norway, mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili wenye ulemavu wa akili alifikisha kilio chake kwa daktari Asbjørn Følling. Mama huyo alikuwa ameona kwamba mkojo wa wanawe una harufu isiyo ya kawaida, na hakukubali kunyamazishwa.

Følling aliupima mkojo huo akakuta kemikali ambayo haikupaswa kuwa humo. Ugonjwa alioufichua leo unaitwa fenilketonuria. Ni wa kurithi. Mwili hushindwa kuivunja fenilalanini, ambayo ni sehemu ya protini tunazokula, nayo hujilimbikiza na kuharibu ubongo unaokua.

Miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani alianzisha kipimo cha matone ya damu yanayochukuliwa kwenye kisigino cha mtoto mchanga. Mtoto anayegundulika mapema na kupewa chakula maalumu huweza kukua na akili zake kama wenzake. Viboko visingemsaidia, wala mapenzi peke yake yasingetosha.

Lakini tazama pia upande wa pili wa habari hiyo. Aliyeanza kuiona dalili ni mama nyumbani, na tiba yenyewe inategemea familia inayopika chakula tofauti kila siku, mwaka hadi mwaka.

Usimkumbatie mtoto?

Upande huohuo umewahi pia kupotosha. Mwanasaikolojia John B. Watson wa Marekani alitangaza mwaka 1913 kwamba saikolojia ijishughulishe na tabia inayoonekana na kupimika tu. Mwaka 1928 akatoa kitabu cha malezi. Humo aliwaonya wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto wao. Asubuhi, alishauri, mpe mtoto mkono.

Mwaka 1958 Harry Harlow alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa watoto wa nyani. Aliwapa mama wawili wa bandia: mmoja wa waya, mwingine wa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipotoka kwa mama wa waya, watoto walikwenda kunyonya kisha wakarudi kumng’ang’ania yule wa kitambaa. Majaribio hayo yanalaumiwa hadi leo kwa ukatili waliofanyiwa wanyama hao, lakini yalionyesha kwamba mtoto hashibi kwa chakula pekee.

Mama walipobebeshwa lawama

Kuutazama uhusiano wa nyumbani na kuusahau mwili nako kuliumiza. Kwa miaka mingi baadhi ya wataalamu walidai kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Bruno Bettelheim aliieneza dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alikuwa tayari ameipinga kwa kitabu chake cha mwaka 1964 akionyesha kwamba chanzo kiko katika mwili. Leo inafahamika kwamba usonji unahusu namna ubongo unavyokua, na malezi mabaya si chanzo chake. Hata hivyo, mama wengi wangali wanasemwa vibaya na majirani, hata na wakwe.

Kwa hiyo kuchambua vipande si kosa. Kosa ni kushika kipande kimoja na kufunga mjadala.

Mwaka 1977 daktari George Engel wa Marekani alipendekeza njia ya kuyaunganisha yote: mgonjwa aangaliwe mwili wake, nafsi yake na jamii yake kwa pamoja. Wakosoaji wanasema njia hiyo haimwonyeshi daktari aanzie wapi. Hoja yao ina uzito, na mzazi naye huuliza hivyohivyo.

Uanzie wapi?

Anza na yanayopimika haraka. Mtoto asiyeona ubao au asiyesikia vizuri huonekana mzembe. Upungufu wa damu humchosha na kumpunguzia umakini. Mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache, haitikii hata akiguswa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, huenda ana aina ya kifafa. Ukimchapa, unamwadhibu kwa ugonjwa.

Wakati vipimo vinaendelea, uliza mengine. Analala saa ngapi? Nini kimebadilika tangu aanze kushuka: msiba, kuhama, wazazi kutengana, mwalimu mpya? Je, anaonewa shuleni, au kuna mtu anayemgusa vibaya? Mwulize mkiwa wawili tu, kwa upole, na usimkatize.

Ukiambiwa hospitali kwamba mtoto anahitaji dawa, uliza itamsaidia nini, itachukua muda gani na nyumbani mfanye nini pamoja nayo. Usiikatishe bila kumwuliza daktari. Na ukiambiwa tatizo ni malezi tu, uliza kama mwili wake umeshapimwa.

Kuna dalili za kutosubiri. Mtoto akizungumzia kufa au kujidhuru, akipata degedege, au akikueleza kwamba amefanyiwa ukatili, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Anayetaka kujidhuru asiachwe peke yake.

Kabla ya kumwona daktari, andika kwenye simu kwa wiki moja: amelala saa ngapi, amekula nini, tabia hiyo imetokea wakati gani na nani alikuwapo. Akiduwaa, mrekodi video fupi ya kumwonyesha daktari peke yake, si ya kutuma kwenye makundi. Mwombe mwalimu naye aandike anachokiona darasani. Daktari ana dakika chache tu na mwanao, na maelezo hayo yatamsaidia kujua aanze na kipimo gani.