Jiko la Nyumba Kongwe: Nani Aulizwe Kwanza?

Mgeni ajapo nyumbani kwetu Ujiji hukaribishwa barazani. Baraza hufagiwa asubuhi na jioni, mkeka hutandikwa, na ukuta wa mbele hupakwa chokaa kila Idi ikaribiapo. Akizidishiwa heshima huingizwa ndani, akakaa penye viti. Walakini ni wachache mno wafikishwao uani, na hata hao hawachungulii jikoni. Sisi wenye nyumba twaijua sababu. Uzuri wa nyumba zetu waanzia mlangoni, nao hupungua kwa kila hatua uendapo nyuma, hata ufike mahali papikwapo chakula chetu, ukute kuta nyeusi, sakafu ya vumbi, na moshi usio na njia ya kutokea.

Twataka kuwasimulia wasomaji wetu jinsi tulivyolitengeneza upya jiko la nyumba yetu, kwa mikono yetu wenyewe, kiangazi kilichopita. Hatuandiki ili tujisifu, kwani katika kazi hii tulikosea mara tatu, na kosa moja lilikaribia kumdhuru mjukuu wetu. Twaandika ili mwenye nyumba kama yetu asiyarudie makosa hayo.

Nyumba kongwe za Ujiji zina asili yake. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo pwani. Burton na Speke waliufikia kwa njia hiyo mwaka 1858, na ni hapa Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 mwisho wake ukawa Kigoma, na biashara nyingi ikahamia huko; Ujiji ukabaki na miembe yake na nyumba zake za udongo. Watu waliokuja na misafara walileta umbo la nyumba ya pwani: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma wenye jiko, choo na ghala. Kuta ni za matofali mabichi yaliyokaushwa juani, au za miti na fito zilizokandikwa udongo. Nyumba ya namna hiyo ndiyo tuliyorithi kwa wazee wetu, na jiko lake lilikuwa chumba kidogo chenye mlango mmoja, mafiga matatu sakafuni, na kidirisha kisichopita kichwa.

Mama watoto amepika katika chumba hicho tangu alipoolewa. Kikohozi chake tulikizoea kama tulivyozoea mlio wa mlango. Ramadhani moja, alipokuwa akipika futari huku amefunga, alitoka uani akashika ukuta, akakohoa hata asiweze kusema. Tulimpeleka hospitali. Tabibu alimpima, akatuambia kuwa si kifua kikuu. Kisha akauliza maswali mawili tu: “Unapikia nini, na unapikia wapi?”

Tulinyamaza. Kwa miaka mingi tumewafundisha watoto wa chuoni kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa nyumbani aliwahudumia watu wake, kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.). Tulilifundisha jambo hilo vyema, wala hatukulitenda. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliwaua watu wapatao milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto wadogo ni wengi. Moshi huo si wa viwandani. Ni huu wetu wa kuni na mkaa, ambao twauita wa kawaida kwa sababu si sisi tuuvutao.

Tukamwita fundi. Alitazama, akashauri tuvunje jiko lote tujenge la matofali ya saruji. Fedha hiyo hatukuwa nayo. Basi tukaazimia kufanya wenyewe, na hapo ndipo tulipoanza kukosea.

KOSA LA UKUTA. Tulitaka dirisha kubwa upande wa ziwani, ili ipatikane hewa baridi. Tulichukua sururu tukautoboa ukuta, bila ya kuegemeza kitu wala kupima. Tundu lilipofikia upana wa dhiraa mbili, matofali ya juu yalilegea yakaporomoka yote kwa pamoja. Yaliangukia mkeka ambao mjukuu wetu alikuwa ameukalia. Bibi yake alikuwa amemwita muda huo huo aje kunywa uji. Twamshukuru Mwenyezi Mungu, na twaogopa hata leo tukikumbuka.

Vumbi lilipotulia, mama watoto alitazama lile tundu, akasema kwa upole: “Mwalimu, hata lingesimama, dirisha hapo lingeniletea moshi usoni adhuhuri nzima.” Alisema kweli. Ziwa liko magharibi yetu. Mchana upepo watoka ziwani, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Na miezi ya kiangazi huvuma kusi kwa nguvu kutoka kusini mashariki. Mtu aliyeketi mbele ya moto miaka thelathini ameujua upepo huo saa kwa saa. Sisi hatukumwuliza.

Basi jueni kwamba ukuta wa udongo hautobolewi kwa pupa. Kwanza kwangua lipu kidogo utambue ni ukuta gani. Ukiwa wa miti na fito, nguzo zake ndizo zilizobeba paa. Usikate hata moja, bali weka dirisha baina ya nguzo na nguzo. Ukiwa wa matofali mabichi, egemeza paa kwa miti imara pande zote mbili. Kisha chimba mfereji mwembamba juu ya mahali pa dirisha, uingize linta, yaani ubao mnene wa kubeba ukuta wa juu, ncha zake zikilalia ukuta zaidi ya shubiri moja kila upande. Sisi tulitumia mninga, kwani mchwa hauupendi. Shindilia udongo juu ya linta, uache ukauke, ndipo utoboe chini yake taratibu. Na dirisha likae mbali na pembe ya nyumba, mita moja au zaidi, kwa sababu pembe ndiyo ishikayo kuta mbili.

Tundu la kwanza tuliliziba. Dirisha tukaliweka pale alipotuonyesha yeye, ubavuni mwa meko, si nyuma yake. Tena tukaacha matundu juu karibu na paa, pande mbili zinazokabiliana, ili upepo ugeukapo moshi usikose mlango.

KOSA LA LIPU. Tuliona fahari kupiga lipu ya saruji kuta zote za ndani, ziwe ngumu na laini kama za mjini. Hazikutimia juma tatu ikaanza kupasuka, na ukiigonga yalia kama debe tupu. Saruji na udongo havina tabia moja. Udongo huvuta unyevu kutoka ardhini kisha huutoa nje, ukavimba na kunywea. Saruji ni ngumu, haifuatani nao, nayo huufungia unyevu ndani hata ukuta ukaoza nyuma ya lipu bila ya mwenyewe kuona. Mama watoto alikuwa amekwisha kutuambia kwamba ukuta ule hutoka jasho kila masika, nasi tukadhani ni maneno tu.

Tuliibandua lipu yote. Mara hii tulianza kwa kusugua masizi kwa ufagio mgumu, kwani lipu haishiki juu ya masizi. Tukalowesha ukuta kwa kunyunyiza maji, tukakandika udongo uliochujwa, uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, baada ya kuuvundika siku kadhaa. Mahali parukiwapo na maji tulipiga lipu ya chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vipimo vitatu vya mchanga. Ulipokauka tukaupaka wote chokaa nyeupe mara tatu. Chokaa hufanya chumba kiwe na nuru na huacha ukuta upumue. Walakini huunguza macho na ngozi. Asiishike mtoto, na mkorogaji afunike mikono na macho.

KOSA LA MEKO. Tulikuwa tumeona katika kitabu kwamba meko bora huinuliwa hata kiunoni, ili mpishi asiiname. Tukajenga meko ya namna hiyo kwa matofali na udongo, yenye mdomo mmoja wa kuni na matundu mawili ya sufuria. Tukamwita mama watoto kwa furaha ayatazame. Aliyazunguka, akaweka sufuria kubwa juu, akashika mwiko, kisha akauliza: “Mwalimu, ugali nitausongea juu ya kigoda?”

Hatukuwa na jibu. Ugali wa muhogo, ambao ndio chakula chetu cha kila siku pamoja na dagaa na migebuka, husongwa kwa nguvu za mabega kutoka juu kwenda chini. Sufuria ikiwa kiunoni mkono hauna nguvu, na sufuria yenyewe huhama na kumwaga. Aliyeandika kitabu kile labda hakuwa akila ugali. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tukabomoa nusu. Safari hii yeye alisimama akiwa na mwiko wake mkononi, nasi tukapima kwa kimo chake. Tundu la ugali likawa chini kidogo ya goti, na sufuria huzama ndani yake hata nusu ili isitikisike. Tundu la mchuzi na chai likainuliwa karibu na kiuno. Udongo wa meko ulikuwa wa kichuguu, uliochanganywa na mchanga na majani makavu. Tuliyaacha yakauke kivulini juma tatu, kisha tukawasha moto mdogo mdogo siku kadhaa kabla ya kupikia. Meko yawashwayo yangali mabichi hupasuka.

Nyuma ya meko tulisimamisha dohani ya bati, ikapita juu ya paa kwa kiasi cha dhiraa moja na nusu, na juu yake kofia ya kuzuia mvua. Baina ya dohani na miti ya paa tuliacha nafasi ya shubiri nzima, kwani bati likishika moto mkali huweza kuuwasha mti. Kila mwezi twaipiga masizi yaanguke. Wako wazee waliotuambia kuwa moshi ni dawa ya mchwa na fukusi. Ni kweli kwa paa la nyasi. Kwa paa la bati haja hiyo imekwisha, na kifua cha mwanadamu si cha kukaushwa kama samaki.

Sakafu tuliishindilia kwa mawe, tukamwaga zege jembamba lenye mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita, maji yaelekee kwenye mfereji. Mfereji huo tuliupeleka mbali na ukuta, shimoni, kwa sababu adui mkubwa wa nyumba ya udongo ni maji yatuamayo miguuni pake. Nyaya za umeme hatukuzigusa. Kazi hiyo si ya mwalimu wa chuo. Tulimwita fundi mwenye leseni.

Lipo pia jambo la gesi. Mwezi wa Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikakusudia kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakiitumia. Sisi tumeanza kwa mtungi mmoja, wa kupikia daku na chai. Mwenye mtungi ajue kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, bali hutanda sakafuni. Kwa hiyo dirisha la juu halitoshi. Toboa na tundu chini ya ukuta. Ukisikia harufu yake usiwashe kiberiti wala taa. Funga mtungi, fungua milango, toka nje. Na mawese yakishika moto kikaangoni usiyamwagie maji, maana moto utaruka. Yafunike kwa mfuniko na uzime moto wa chini. Mtume (s.a.w.) alituusia tusilale hali ya kuwa moto unawaka nyumbani. Leo twafahamu pia kwamba mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke.

Kazi yote ilichukua miezi miwili na zaidi, na karibu nusu ya muda huo ilikuwa ya kubomoa tulichojenga bila ya kuuliza. Tulinunua chokaa, mifuko michache ya saruji ya sakafu, ubao wa mninga na mabati ya dohani. Udongo ni wa uani kwetu. Hatudai kwamba moshi umekwisha kabisa. Dohani huupunguza sana, haiuondoi wote. Walakini mama watoto sasa hulala usiku bila ya kukohoa, isipokuwa siku za kuni mbichi, na macho yake hayachuruziki tena.

Ndugu yetu mwenye nyumba kongwe, nyundo na mwiko wa uashi utavipata kwa jirani. Lakini kabla ya kuvishika, keti jikoni siku moja tangu kuni zikokwe hata chakula kipakuliwe. Kaa kimya, vuta hewa ivutwayo na mwenzako, kisha mwulize yeye dirisha likae wapi na meko yawe na kimo gani. Sisi tulimwuliza mwisho, na jibu la kila jambo alikuwa nalo tangu mwanzo.

Idi iliyofuata walikuja wageni wa kike kutoka Kigoma mjini. Walikaribishwa barazani, wakaingizwa ukumbini. Kisha, kabla ya chai kuletwa, tulimsikia mama watoto akiwaambia: “Piteni uani, mkaone jiko langu.”

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na walio ndani yake. Amin.