Jumba la Watoto wa Askari

Wasomaji wetu, mtu apitaye katika barabara ya King's Road, mtaa wa Chelsea, mjini London, ataona nyuma ya uwanja mpana wa majani jumba refu la matofali, lenye baraza kubwa katikati na nguzo nne nene za mawe. Leo humo mna nyumba ya maonyesho ya sanaa iitwayo Saatchi Gallery. Wengi huingia, wakatazama picha, wakatoka. Ni wachache waulizao: Jumba hili lilijengwa kwa ajili ya nani? Sisi twaona kuwa swali hilo lastahili jawabu, maana jawabu lake ni habari ya yatima, na habari ya yatima yatuhusu sote.

Mwaka 1793 Uingereza iliingia vitani na Ufaransa. Askari wa kawaida alikuwa mtu maskini, na alipokufa ng'ambo, wanawe walibaki hawana mlezi. Ndipo Mfalme George wa Tatu alipotoa amri lijengwe jumba la kuwalea. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 19 Juni, 1801, na mwanawe Frederick, mwenye cheo cha Duke of York, ambaye ndiye aliyekuwa Amiri Mkuu wa Jeshi. Mwaka 1803 watoto wakaanza kuingia, wavulana kwa wasichana. Mahali hapo pakaitwa Royal Military Asylum, yaani Makimbilio ya Kifalme ya Kijeshi. Kanuni yake ilikuwa na mpango mzuri: kwanza walipokewa yatima, kisha waliofiwa na baba zao vitani au katika utumishi wa ng'ambo, kisha waliofiwa na mama, na baba zao wako mbali kazini.

Aliyechora ramani yake ni John Sanders, mwanafunzi wa kwanza wa John Soane, yule fundi mashuhuri aliyejenga Benki ya Uingereza. Wajuzi wa majumba huuita mtindo huu wa Kijojia, si kwa ajili ya nchi ya Georgia, bali kwa ajili ya wafalme wanne walioitwa George, waliotawala mfululizo toka 1714 hata 1830. Alama yake ni kipimo na ulinganifu: ubawa wa kulia hufanana na wa kushoto, na madirisha hupangwa safu kwa safu kama askari katika gwaride. Nguzo zimefuata mfano wa mahekalu ya kale ya Wayunani na Warumi, na juu yake pamewekwa pembetatu kubwa ya mawe. Tazameni basi: mtoto wa askari maskini aliingia kwa mlango uliofanana na wa jumba la mfalme!

Na mafundisho ya humo yalikuwa na asili ya ajabu. Andrew Bell, Mskoti aliyesimamia nyumba ya yatima wa askari huko Madras, Bara Hindi, aliwaona watoto wa nchi ile wakijifunza herufi kwa kuziandika mchangani kwa vidole. Akaichukua njia hiyo, akaongeza na nyingine: mwanafunzi aliyetangulia amfundishe aliye nyuma yake. Njia hiyo ikaitwa ya Madras, na makimbilio ya Chelsea yakaifuata. Sisi tuliosoma vyuoni, tukasikilizwa somo na wakubwa wetu kabla ya kufika mbele ya mwalimu, hatuwezi kuiona kuwa ngeni.

Lakini haki yatulazimu kusema na upande wa pili. Wavulana walivishwa makoti mekundu, wakafundishwa gwaride, na wengi wao wakaingia jeshini kama baba zao. Wasichana walitayarishwa kwa utumishi wa nyumbani. Jumba lililowapokea yatima wa vita likawa ndilo linalotayarisha askari wa vita vingine. Hatukatai kuwa mtoto alishiba, akavaa, akasoma. Twasema tu kwamba mkono uliompa chakula ulikuwa pia na haja naye.

Mwaka 1892 shule ilipewa jina la Duke of York, na mwaka 1909 ikahamia Dover, ambako ingali ikiendelea. Jumba la Chelsea likabaki kwa jeshi la akiba mpaka mwaka 2000, Wizara ya Ulinzi ilipoliuza. Mafundi wakalihifadhi umbo la nje, na ndani wakafanya vyumba vipana vyenye kuta nyeupe. Oktoba 2008 nyumba ya sanaa ikafunguliwa, na mahali palipolaliwa na yatima pakatundikwa picha.

Hatuoni vibaya jumba kupata kazi mpya. Jumba lisilo na kazi huanguka. Lililo baya ni kusahau. Basi, vijana wetu, mwonapo jengo kuu la zamani katika miji yenu, waulizeni wazee: Lilijengwa kwa ajili ya nani, naye alilipa nini? Na sisi wazazi, tusingoje jumba lenye nguzo nne ndipo tumlee yatima. Chumba kimoja chatosha, na sahani moja ya ziada, mradi tusimdai malipo yake atakapokuwa mtu mzima.