Kiarabu cha Kitabuni na Kiarabu cha Sahani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita nilimwacha kijana wetu wa Kilembwe, huku Kongo, bandarini Baraka, ameshuka kwenye pikipiki na vumbi la Lulenge bado kichwani, akingoja boti, safarini kwenda kusoma Kiarabu. Leo tumkute Cairo, si Khartoum. Njia ya Khartoum, ambako Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilipokea vijana wengi wa upande wetu, iliharibiwa na vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023.

Mwenye bahati ya msaada wa masomo hulala Madinat al-Bu'uth, mabweni ya wageni wa Al-Azhar. Kitanda kipo, chakula kipo. Tatizo ni jioni: Mkongomani humtafuta Mtanzania, Mtanzania humtafuta Mkenya, na Kiswahili huongewa mpaka taa zizimwe. Mtu anamaliza mwaka anajua kuchambua sarufi ya aya, lakini hajui kuuliza bei ya nyanya. Ndiyo sababu mimi humshauri anayeweza apange chumba kwa familia, hata kwa miezi michache.

Mimi nilipanga Madinat Nasr, kwa mama mmoja mjane. Siku ya kwanza aliweka sahani mbele yangu akasema, "Tafaddal." Nikashtuka. Mama mzima ananiomba nini mimi mgeni? Nikapapasa mifuko nikitafuta cha kumpa. Kwetu tafadhali ni neno la mwombaji. Kwao ni la mtoaji: karibu, chukua, pita, keti. Anayeomba husema "min fadlak". Shina ni lile lile la fadhila, ila Kiswahili kimeligeuzia upande wa pili.

Kesho yake akanituma "esh". Madrasani tulifundishwa kwamba mkate ni khubz, na kwamba shina la esh ni la kuishi, lile lililotupa maisha. Sasa nikamletee maisha kutoka duka gani? Mtoto wake akanishika mkono mpaka kwenye tanuri la mkate. Mmisri ameupa mkate jina la uhai. Watu wa Ghuba neno hilo hilo wameupa wali. Lingefika Lulenge kwa mlango huo, nadhani lingeangukia bugali.

Matamshi nayo ni shule nyingine. Kalamu yetu, ambayo kitabuni ni qalam, Cairo ni "alam", herufi ya kwanza imemezwa kooni. Khartoum ni "galam". Ukiwasahihisha watakucheka, na wana haki: kile cha kitabuni ni cha hotuba na taarifa ya habari, hiki ndicho walichonyonya. Wewe mwenyewe huongei na bibi yako Kifaransa cha mwalimu.

Kifaransa lakini kilinisaidia mahali nisipotarajia. Vijana wa jirani walimwita yule mama "tant". Nikacheka peke yangu, maana kwetu angeitwa tantine.

Adabu za nyumba hazikunisumbua sana. Mwanamume haingii kimya kimya, hupaza sauti, "Ya satir!", ili wanawake wajisitiri. Ni hodi yetu, na sitara ni ile ile. Kula pamoja kwenye sinia hakukunishinda, nimekulia kwenye sahani moja ya sombe na ndugu zangu. Kilichonichukua muda ni neno la mwisho. Ukimaliza kula husema "dayman", yaani daima, chakula kisikose katika nyumba hii, na mwenyeji hujibu "damit hayatak", uhai wako udumu. Mimi juma zima la kwanza nilikuwa nasema aksanti. Watoto wakalidaka, na siku niliyohama walikuwa bado wanamwambia mama yao "aksanti" wakiondoka mezani, naye anawajibu "damit hayatak" bila kuinua kichwa.

(Itaendelea: kodi ya chumba na karatasi za ukaaji)