Amiloidi ya ngozi: tuliza mwasho kwanza

Wagonjwa wengi wenye amiloidi ya ngozi huja kwa daktari wakitaka kuondolewa weusi. Wengine wana mabaka ya kahawia yenye mistari kama mawimbi kati ya mabega. Wengine wana vipele vigumu vinavyowasha kwenye miundi. Matibabu, hata hivyo, huanza na mwasho, na sababu iko katika namna ugonjwa unavyojengeka.

Amiloidi ni protini iliyojikunja vibaya na kugandamana kuwa nyuzi ambazo mwili hushindwa kuziondoa. Katika aina hizi mbili, ya mabaka na ya vipele, hutokana na keratini ya seli zilizokufa za tabaka la juu la ngozi. Kujikuna na kujisugua huua seli zaidi, amiloidi ikaongezeka. Nchini Japani, madaktari waliyaona mabaka haya kwa watu waliozoea kuogea taulo za nailoni. Basi hatua ya kwanza haihitaji cheti cha dawa: acha dodoki la nailoni, kata kucha, paka mafuta ngozi ingali na unyevunyevu.

Hatua ya pili ni steroidi kali ya kupaka, kama klobetasoli, kwa muda uliopangwa na daktari. Kwenye vipele vinene hufunikwa kwa plastiki ili ipenye vizuri. Takrolimasi ya kupaka husaidia pale inapohofiwa kuwa steroidi itakondesha ngozi. Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi hupunguza kujikuna usiku. Yakishindikana hayo, kuna tiba ya mionzi ya urujuanimno, leza, au vidonge vya asitretini. Asitretini hulemaza mimba, hivyo mwanamke hapaswi kushika mimba akiitumia wala katika miaka 3 baada ya kuiacha.

Aina ya tatu, ya vinundu, ni adimu na ina asili nyingine. Hutoka kwenye seli za plazima, zile zinazotengeneza kingamwili. Vinundu hukatwa au kuchomwa kwa leza, ingawa mara nyingi hurudi. Kwa kuwa wagonjwa wachache hatimaye hupata amiloidi ya mwili mzima, daktari hupima damu, mkojo, figo na moyo, kisha huendelea kumfuatilia mgonjwa. Ndiyo maana, pakiwa na shaka, kipande kidogo cha ngozi hupelekwa maabara kabla ya tiba.

Hakuna dawa inayoyeyusha amiloidi yote kwa uhakika. Mwasho unaweza kupungua katika wiki chache, vipele husawazika kwa miezi, na weusi ndio hubaki nyuma, pengine usiishe kabisa. Anayekimbilia krimu za kujichubua huongeza madhara ya zebaki au ya steroidi zisizo na kipimo, na amiloidi huiacha palepale ilipokuwa.