Ahsante kwa Mkwezi

Msafiri atokaye Likoni kwenda kusini hufika Kombani, mahali barabara inapogawanyika: moja yapanda mjini Kwale, na nyingine yaendelea Ukunda na Msambweni mpaka Lunga Lunga. Ukisimama hapo asubuhi utawaona makarani wakingoja gari la kwenda ofisini, na wakulima na nazi zao. Wasikilize. Gari limechelewa, mvua imekawia, bei imeshuka. Hayo ni kweli, wala hapana amkatazaye mtu kuyasema. Lakini kijana aliyezikwea nazi zile, na mama aliyeamka alfajiri kumpikia karani chai, hawatajwi.

Katika mwaka wa 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitangaza habari za jaribio lao. Waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu mafungu matatu. Kwa muda wa majuma 10, fungu la kwanza liliandika kila juma mambo yasiyozidi matano waliyoyashukuru. La pili maudhi yao. La tatu mambo yaliyotukia tu. Mwishowe wale wa kwanza waliyaona maisha yao kuwa mema kuliko walivyoyaona wenzao, na hata maumivu ya mwili waliyataja machache zaidi. Nao hawakuongezewa hata senti moja.

Pengine msomaji atasema, "Sisi tuna methali yetu: mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Ni kweli, lakini methali hiyo yaonya juu ya sifa, si juu ya shukrani. Sifa humwambia mtu kuwa hana mfano wake, naye huvimba kichwa. Shukrani hutaja tendo: "Jana ulikwea minazi yangu na upepo ukivuma, wala hukuangusha hata kidaka kimoja. Ahsante, mwanangu." Hapo mkwezi ajua ya kuwa kazi yake ilionekana.

Tena ahsante si ujira. Mwenye shamba ampunjaye mkwezi kisha akamwekea mkono begani kwa maneno matamu, huyo hakushukuru, amedanganya. Wala mkulima asiambiwe aishukuru bei mbovu. Aweza kumshukuru dereva aliyempakilia mzigo wake kwa uangalifu, na jioni ile ile akaenda kwa mnunuzi kudai haki yake.

Mimi mwenyewe nilijaribu kuandika katika daftari kila usiku. Usiku wa kwanza sikuona la kuandika ila mvua. Wa pili niliona haya, nikaandika mvua tena. Usiku wa tatu nilikuwa nikifikiri habari za chemchemi za Marere, huku kwetu katika milima ya Shimba, ambazo maji yake hupelekwa Mombasa kwa mabomba. Nikajiuliza ni wangapi mjini wafunguapo mfereji wakakumbuka yalikotoka. Nikawacheka. Kisha nikautazama mtungi uliokuwa pembeni mwa chumba changu. Kwa miaka mingi mke wangu ameujaza kabla ya jua kuchomoza, nami nimeoga na kwenda zangu kazini pasipo neno.

Asubuhi nilimwambia ahsante kwa maji. Alinitazama kitambo, akaniuliza, "Je, umeamka salama?" Kisha akacheka, akaniachia ndoo ya pili, nami nikamfuata kisimani.