Nguvu Hurudi Usiku: Mapumziko Baada ya Zamu Ndefu za Ndege (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba zamu ya rubani au mhudumu wa ndege huanza anaporipoti kazini, muda mrefu kabla ndege haijapaa, na haiishi magurudumu yanapogusa ardhi. Leo tutazame upande wa pili: zamu nzito zikishapita, nguvu hurudi vipi? Jibu la mazoea ni kumpa mtu siku ya mapumziko, alale, kesho yake aamke mzima. Jibu hilo ni nusu tu. Kinachomrudishia mtu nguvu ni usingizi wa usiku, tena usiku kadhaa mfululizo, katika wakati ambao mwili wake uko tayari kuupokea. Ndiyo maana suala la kupumzika linaanza kwa anayepanga ratiba kabla ya kumfikia mfanyakazi.

Ndani ya ubongo kuna kundi dogo la seli, mithili ya saa, linaloamua lini tusinzie, lini joto la mwili lishuke na lini tuchangamke. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo ya mwili. Saa hii hurekebishwa hasa na mwanga, na hujirekebisha polepole: mtu akivuka majira ya saa, saa yake ya mwili husogea kwa wastani wa kama saa moja kwa siku. Chukua safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018 na kuchukua takriban saa 15. Wakati wa baridi kule, New York ikiwa saa nne usiku, Nairobi ni saa kumi na mbili asubuhi. Mhudumu anayejilaza hotelini wakati huo anatafuta usingizi mwili wake ukijiandaa kuamka. Akirudi baada ya siku chache, saa yake haiko New York wala haijafika Nairobi. Mtu huyo anaweza kuwa amepewa saa nyingi za kupumzika, lakini usingizi alioupata ndani ya saa hizo ukawa mchache na wa kukatikakatika.

Tatizo la pili ni limbikizo. Mwaka 2003 Gregory Belenky na wenzake wa taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed walichapisha matokeo ya jaribio la watu waliopunguziwa usingizi kwa siku 7, wengine wakibakiwa na saa 3 tu kitandani, wengine 5, wengine 7. Baadaye wote walipewa usiku 3 wa saa 8. Hata baada ya hapo, waliopunguziwa hawakurejea kwenye wepesi wao wa awali wa kuitikia ishara. Usingizi uliokosekana, kama deni la dukani, haufutwi kwa malipo ya siku moja.

Wakongwe wa kazi hii watapinga: mwili huzoea. Wamefanya miaka mingi na wapo. Hoja yao ina uzito, kwa sababu watu kweli hutofautiana, na uzoefu humfundisha mtu mbinu za kulala popote. Lakini mwaka huohuo wa 2003 Hans Van Dongen na David Dinges wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba waliolala saa 6 au pungufu kwa siku 14 walifikia udhaifu wa mtu aliyekesha hadi usiku 2 kamili, ilhali wenyewe walijiona wamesinzia kidogo tu. Kinachozoea, basi, ni hisia ya uchovu. Uwezo unaendelea kushuka. Anayesema amezoea ni shahidi asiyeweza kutegemewa, hata kama hasemi uongo.

Wenye mashirika nao watasema kwamba sheria ipo na kupumzisha watu ni gharama. Tukumbuke sheria hizo zilivyopatikana. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Wachunguzi waliona chanzo ni namna nahodha alivyoitikia onyo la ndege kupoteza mwendo, wakaongeza kwamba huenda uchovu uliwapunguzia uwezo marubani wote wawili. Tangu Januari 2014 marubani wa ndege za abiria nchini humo wanapewa angalau saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, zenye nafasi ya kulala saa 8, pamoja na saa 30 mfululizo nje ya kazi katika kila saa 168. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini saa 30 zikianza saa nne asubuhi zinakwisha kesho yake saa kumi jioni, na ndani yake kuna usiku mmoja tu. Ratiba inaweza kutii sheria na bado isimrudishie mtu nguvu.

Je, mfanyakazi hana wajibu? Anao. Kahawa ya alasiri humfuata mtu hadi kitandani, kwani baada ya takriban saa 5 nusu ya kafeini bado imo mwilini. Pombe huleta usingizi haraka kisha huuvuruga usiku wa manane. Mwanga wa jua huisaidia saa ya mwili ya aliyerudi kwenye majira yake. Lakini siku ya mapumziko ya mhudumu wa Nairobi au Dar es Salaam mara nyingi ina msiba, harusi au kikao cha ukoo, na asiyefika huonekana ameringa. Jamaa wakielewa kwamba usiku wa kwanza na wa pili ni sehemu ya kazi yake, watamwalika siku ya tatu. Hata hivyo, nidhamu yake haiwezi kuunda usiku ambao ratiba haikumpa.

Kipimo cha haki, basi, ni kuhesabu usiku badala ya saa: baada ya mfululizo wa safari nzito, mtu apewe angalau usiku 2 nyumbani, na zaidi akivuka majira mengi. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa mezani na waajiri, hilo ndilo swali la kuanza nalo. Wiki ijayo tutawatazama mafundi na wapakia mizigo, wanaokesha bila kuvuka majira yoyote.